Msinunue Mota, Zibueni Ndoo!

Ile hadithi ya foleni ya bumu niliyowaahidi naiweka kiporo, itakuja tu. Leo kuna jambo limenikaa kooni tangu kikao cha Jumamosi cha klabu yetu ya roboti, na nisipolitema hapa nitakuja kulipasukia darasani mbele ya mhadhiri asiye na hatia.

Kwa ambao hamjawahi kufika karakana: tunao mtambo wa kurushia mipira ya tenisi, tumeubatiza jina la Manati. Juu kuna ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Mpira unadondoka, unateremka kwenye mfereji wa plaiwudi, unabanwa kati ya gurudumu la raba linalozunguka na ubao uliopinda, halafu huyoo, unaruka. Bonanza la vyuo ni mwezi ujao na kanuni ni nyepesi kueleza. Mnapewa mipira 40 na dakika moja. Mita 5 mbele kuna ubao wenye dirisha la mraba la sentimeta 60 kwa 60, kitovu chake kipo mita 2 juu ya mdomo wa mtambo. Kila mpira unaopita dirishani ni pointi moja. Basi.

Manati yetu ni goigoi, hilo sibishi. Mipira 40 haijawahi kuisha ndani ya dakika moja hata siku moja. Kwa hiyo kikao kikaamua, kwa kunyoosha mikono, kwamba mfuko wote wa klabu, laki 4 na nusu, uende kuagiza mota mbili kubwa kutoka China pamoja na vidhibiti vyake. Sababu iliyotolewa: "Manati haina nguvu." Nikauliza swali moja tu, nani amepima? Kimya. Kisha mshkaji mmoja wa uhandisi, ambaye kwa kweli namheshimu kwa kulehemu, akasema: "Ticha, haya mambo ya mota waachie wahusika." Ukumbi ukacheka, ajenda ikapita.

Haya. Ticha amekwenda nyumbani, amepima.

Sijatumia mashine ya mamilioni. Nimeweka simu mezani karibu na Manati, nikawasha kinasa sauti, tukarusha mipira 20. Kila mpira ukitoka unapiga mlio, pwaa! Ukiifungua sauti hiyo kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, unaona kila mlio umesimama kama mlingoti wa bendera. Kazi inayobaki ni kusoma sekunde kati ya mlingoti na mlingoti. Hata mwanafunzi wa darasa la sita anaweza.

Mipira 20 ilichukua sekunde 48, na kati yake kuna mapengo 19. Sasa sikilizeni vizuri hapa: mapengo manne tu, ndiyo manne, yalikula sekunde 29. Moja lilikula sekunde 11 peke yake, na kwenye sauti unasikia kabisa mtu akiipiga ile ndoo kwa kandambili. Mapengo 15 yaliyobaki yalichukua sekunde 19 kwa jumla, yaani sekunde 1 na robo hivi kila moja.

Mnaona ninachokiona? Zaidi ya nusu ya muda wote Manati haikuwa inarusha chochote. Gurudumu lilikuwa linazunguka kwa raha zake, limefika kasi yote, linasubiri mpira ambao umekwama juu. Hebu niambieni mota kubwa ya kutoka China ingefanya nini katika zile sekunde 11. Ingesubiri tu, tena kwa kelele zaidi.

Mapengo yote yangekuwa kama yale 15 ya kawaida, mipira 40 ingeisha kwa sekunde 50. Kwa mota ileile tuliyonayo, tena na sekunde 10 za kumeza mate. Hesabu ni mapengo 39 mara sekunde 1 na robo, mtu asinitolee macho.

Kwa nini mipira inakwama? Nendeni kituo chochote cha daladala saa 12 jioni. Mlango ni mmoja, watu wawili wenye mabega mapana wanaingia kwa pamoja, wanabanana, nyuma wanasukuma, na matokeo yake haingii hata mmoja. Konda akishuka akamvuta mmoja pembeni, wote wanaingia kwa zamu chap chap. Ndoo yetu ndiyo hivyohivyo. Mpira wa tenisi una kipenyo cha karibu sentimeta 6.7, tundu letu ni sentimeta 9. Mipira miwili au mitatu inaegemeana juu ya tundu, inatengeneza tao kama la mlango wa msikiti, na tao kadiri unavyolikandamiza kwa juu ndivyo linavyozidi kushika. Ndo maana kuongeza mipira kwenye ndoo hakusaidii, na ndo maana kandambili inasaidia: inavunja tao.

Tunachohitaji ni konda. Sahani ya plaiwudi chini ya ndoo, ina mashimo manne, kila shimo linabeba mpira mmoja. Sahani inazungushwa na mota ya waipa ya gari, ile ya kuokota kwenye skrepa, ambayo kasi yake tunaipunguza kwa programu. Ikizunguka mara 12 kwa dakika inashusha mipira 48 kwa dakika, na sisi tunayo 40. Juu ya tobo la kushukia unaweka kipande cha raba ya tairi la ndani ili mpira wa pili usijipenyeze na kukatwa katikati. Na ikikwama, maana itakwama tu siku moja, programu inairudisha nyuma robo mzunguko halafu inaendelea. Wenzetu wanaoshindana miaka yote wanazijua sahani za namna hii siku nyingi, mimi sijavumbua kitu hapa.

Nasikia tayari mtu anasema, sawa Ticha, lakini kati ya hiyo mipira 20 yako iliingia mingapi? Swali zuri, tena ndilo swali ambalo kikao kilipaswa kuuliza kwanza. Iliingia 11. Tisa ilikosa, na minane kati ya hiyo tisa iligonga ubao chini ya dirisha. Haikwenda kushoto wala kulia, ilipungua nguvu tu. Na kuna jambo jingine. Ile mipira minne iliyotoka baada ya kukwama kwa muda mrefu, yote minne ilipita dirishani. Kumbe gurudumu likipata muda wa kupumzika linarusha vizuri, likifululiziwa mipira linachoka.

Hapo watu wa mota watapiga makofi: si umeona! Linachoka kwa sababu mota ni ndogo! Hii ndiyo hoja yao yenye mashiko kuliko zote, kwa hiyo nitaijibu taratibu. Na naomba wale wa PCM wenzangu mtoe vumbi kwenye yale madaftari ya kidato cha sita, kwa sababu kila kitu kimo humo. Tulikiimba, tukakiandika kwenye mtihani, tukapewa alama, tukakisahau getini.

Mpira wa tenisi una uzito wa gramu 58 hivi. Kupita katikati ya dirisha kwa pembe ya digrii 45, tukiuacha upepo pembeni, unahitaji kutoka na kasi ya mita 9 kwa sekunde. Nishati ya mwendo huo ni jouli 2.3 au 2.4. Kwa kuwa unabanwa upande mmoja na ubao uliotulia, unatoka huku unazunguka, na kuzunguka nako kuna gharama yake, kama jouli 1 na nusu. Jumla hazifiki 4. Tufanye ubahili wa kinyume, tuzidishe mara mbili kwa ajili ya msuguano na ule mbano unaoukamua mpira kama chungwa: jouli 8 kwa kila mpira.

Mpira mmoja kila sekunde 1 na robo ni wati 6 na ushee. Hata tungekuwa na wazimu wa kurusha miwili kila sekunde, ni wati 16. Balbu ya chumbani kwangu imeandikwa wati 9! Mota tuliyonayo sasa, kwa uwezo wake wa juu kabisa, inatoa kama wati 60. Sasa nani hana nguvu hapa?

Tatizo ni kwamba hizo wati 60 hatuzitumii. Mota ya betri ya aina yetu ina tabia moja: inavyozidi kukaribia kasi yake ya mwisho ndivyo inavyokosa msukumo. Aliyewahi kuendesha baiskeli kwenye mteremko anaelewa. Unafika mahali miguu inazunguka upesi mpaka pedali inakuwa tupu, unakanyaga lakini husukumi kitu. Mota yetu bila mzigo inafika mizunguko 3600 kwa dakika, na sisi tumeifunga moja kwa moja kwenye gurudumu ambalo tunataka lizunguke kama 3440. Yaani tunaifanyisha kazi kwenye asilimia 95 ya kasi yake. Pale ilipo inaweza kutoa chini ya moja ya tano ya uwezo wake, wati 11 kwa kukadiria. Ukiondoa zinazoliwa na msuguano wa ekseli, mpira ukishapita mota inapandisha gurudumu kwa kujikongoja, na zile hatua za mwisho ndizo zinazochukua muda kuliko zote.

Weka puli mbili na mkanda. Puli ya meno 28 kwenye mota, ya meno 22 kwenye gurudumu. Mota sasa inazunguka 2700, asilimia 75 ya kasi yake, na gurudumu linabaki na 3440 yake kama kawaida. Pale asilimia 75 mota inatoa robo tatu ya uwezo wake, wati 45. Mota ni ileile na betri ni ileile, ila nguvu ya kurudi imekuwa karibu mara nne. Gharama ni puli mbili na mkanda mmoja.

Halafu gurudumu lenyewe. Ni jepesi mno, gramu 200, kipenyo sentimeta 10. Hata uzito wote ungekuwa ukingoni, kwa kasi ile linabeba jouli 32 tu. Mpira ukipita unachota 8, robo nzima ya akiba! Kasi inashuka kwa asilimia 13. Ukifuatisha mpira mwingine papo hapo, unatoka kwa mita 7.8 kwa sekunde badala ya 9, na ukifika kwenye ubao uko mita moja chini ya kitovu cha dirisha. Nusu ya dirisha ni sentimeta 30. Mnaelewa sasa ile mipira minane ilikwenda wapi. Kweli, kwa kuwa kuna sekunde na robo katikati mota inawahi kurudisha sehemu ya hilo deni, haitakuwa mita nzima, lakini sentimeta 30 hazichelewi kuisha.

Ongeza pete ya chuma ya gramu 600 pembeni ya gurudumu, ekseli moja, kipenyo kilekile. Akiba inakuwa jouli 130. Mpira bado unachota 8 zilezile, maana mpira haujui gurudumu lina uzito gani. Kasi inashuka kwa asilimia 3 tu, na mpira wa pili hata ukifuata papo hapo unapita sentimeta 20 chini ya kitovu, yaani bado upo ndani ya dirisha. Mtu anayekuwa na akiba ya jouli 130 halafu anatoa 8 haendi kukopa kwa jirani.

Mtu kaniambia gurudumu zito litachelewa kuanza. Ndiyo, litachelewa, sekunde tano hivi. Kanuni za bonanza zinaruhusu kuliwasha kabla ya filimbi, someni ukurasa wa pili. Kitu ambacho sitaki kukifanyia mzaha ni usalama: jouli 130 ni sawa na mzigo wa kilo 13 ukidondoka kutoka mita moja. Pete lazima ikerezwe ikae sawasawa katikati, na gurudumu lifunikwe na bati nene pande zote isipokuwa njia ya mpira. Fundi wa kukereza kule Gerezani kaniambia elfu 15 kwa pete, akasisitiza nimletee ekseli yenyewe apimie, asiambiwe kwa mdomo. Nimempenda.

Kwa kasi ya kusoma, sumaku moja kwenye pete na kihisi chake cha bei ndogo vinatosha. Kila mzunguko pigo moja, mapigo 57 kwa sekunde. Programu inaangalia: kasi imepungua, washa mota yote, imezidi, zima. Ni ujinga mtupu lakini unafanya kazi. Na sahani isishushe mpira mpaka kasi imerudi. Hapo ndo utajua mtambo unakungoja wewe au wewe unaungoja.

Jumla ya bei zangu, kwa kuzunguka Kariakoo na Gerezani kwa miguu yangu mwenyewe: puli na mkanda elfu 18, pete elfu 15, mota ya waipa elfu 25, beringi mbili elfu 8. Elfu 66. Kihisi na sumaku vipo kwenye droo, plaiwudi ipo nyuma ya mlango, na bati la kufunikia limelala juu ya kabati tangu mwaka jana. Linganisha na laki 4 na nusu. Na hizo mota mbili zikija zitataka umeme mwingi kuliko betri yetu inavyoweza kutoa kwa mkupuo, kwa hiyo baada ya wiki mbili kikao kingine kitaitishwa, ajenda: betri kubwa. Mtakuja kunikumbuka.

"Lakini Wamarekani wanatumia mota kubwa." Hii nimeisikia mara tatu. Tena huyo anayesema kaangalia video, hakusoma kanuni za mchezo anaouangalia. Mwaka 2022 kwenye mashindano ya FIRST mipira ilikuwa na kipenyo cha inchi 9 na nusu, karibu sentimeta 24. Huo si mpira wa tenisi wa kawaida. Ukirusha boga utahitaji mota ya boga.

Chukua mwaka 2017, mchezo wao ulioitwa Steamworks, maana huo ndio unaofanana na wetu. Mipira midogo ya plastiki yenye matundu, mingi hadi inamwagika uwanjani. Wakati dereva anaiongoza roboti, mipira mitatu kwenye goli la juu ndiyo ilihesabiwa kuwa kizio kimoja cha presha, na zawadi ilikuja presha ikifika 40. Kama hukupata kitu katika zile sekunde 15 za mwanzo ambapo roboti inajiendesha yenyewe, ulitakiwa kuingiza mipira 120 ndani ya sekunde 135. Timu nyingi zilipiga hesabu hiyo zikaamua kubeba gia, kazi nyingine iliyokuwa na pointi kwenye mchezo uleule. Na aliyerusha minne kwa sekunde huku nusu ikikosa hakumzidi aliyerusha miwili kwa sekunde yote ikiingia. Pointi sawa, ila wa kwanza kaimaliza mipira yake mapema na inabidi akaitafute mingine. Miaka mitatu baadaye, 2020, mchezo ukabadilika kabisa: roboti haikuruhusiwa kubeba zaidi ya mipira 5. Hapo ukiongeza kasi kutoka miwili kwa sekunde hadi minne unaokoa sekunde moja kwa kila safari, wakati kwenda na kurudi kuokota mipira kunakula sekunde nyingi zaidi. Katika mchezo wa namna hiyo ningetumia pesa kwenye magurudumu ya kutembelea, si kwenye Manati.

Ndo maana nasema kasi ya kurusha ni neno la kuulizwa maswali. Kasi gani? Ya milio, au ya mipira iliyopita dirishani? Kwa milio sisi tunapata 25 kwa dakika. Kwa dirisha tunapata 13 au 14. Kikao kilikuwa kinaijadili ile ya kwanza, mwamuzi wa bonanza anaandika ile ya pili.

Sasa nirudi kwenye "waachie wahusika," maana hilo ndilo lililoniwasha kuliko zile laki nne.

Wiki moja kabla ya bonanza klabu inatembelewa na wanafunzi wa kidato cha tatu kutoka sekondari ya kata hapa jirani. Walimu wao wameomba wenyewe. Tumewaahidi tutawaonyesha Manati. Hebu fikirieni maelezo tutakayowapa tukifuata uamuzi wa Jumamosi: "Watoto, mtambo ulikuwa goigoi, tukaagiza mota kubwa China, sasa unaenda." Mtoto anasikia nini hapo? Anasikia kwamba roboti ni pesa. Shule yao haina maabara ya kueleweka, kipimo cha umeme ni kimoja na kimekufa. Atarudi nyumbani akijua kwamba jambo hili ni la watu wengine.

Wangeonyeshwa ile milingoti ya sauti je? Wanyooshe kidole wenyewe kwenye pengo la sekunde 11, waulize hapa palitokea nini, mmoja wao achungulie ndooni aone tao la mipira, aseme "kumbe yamebanana!" Simu ipo kwa mwalimu wao, ndoo ipo shuleni kwao, mipira wanaweza kufuma ya makaratasi. Mwakani mimi niko field, huenda kwenye shule kama hiyohiyo, darasa la watoto 80 na chaki za kugawana. Sitakuwa na laki nne na nusu. Nitakuwa na saa, ndoo na fomula za nishati zilizoko kwenye kitabu cha fizikia. Kwa hiyo mtu akiniambia mimi wa ualimu si mhusika, mi namuuliza, huyo mhusika ni nani basi? Hesabu niliyoipiga hapo juu ndiyo nitakayosimama kuifundisha kwa miaka thelathini, Mungu akipenda. Wewe uliyesomea mota umesoma somo lilelile, tofauti ni kwamba Jumamosi hukuona haja ya kulitoa mfukoni.

Na sio watu wa uhandisi peke yao, msije mkadhani nawachokoza wao tu. Wa kompyuta walinyoosha mikono, wa takwimu walinyoosha mikono (wa takwimu jamani!), na wa ualimu wenzangu wawili walinyoosha mikono wakiangalia chini. Sisi hapa chuoni tuna ugonjwa wa kwenda duka la dawa na kununua dozi ya malaria kwa sababu kichwa kinauma, kipimo tunakiona ni kupoteza muda. Homa ikipungua tunasema dawa kali, isipopungua tunanunua kali zaidi. Kikundi cha drama kilinunua spika kubwa kwa sababu watu wa nyuma hawasikii. Tatizo lilikuwa waya wa maikrofoni umekatika. Spika zipo stoo.

Oda ya China haijalipwa bado. Mweka hazina kaniambia inalipwa Ijumaa mchana, na katiba ya klabu inasema wanachama kumi wakisaini wanaweza kuitisha kikao kurudia uamuzi wa matumizi. Saini tunazo saba. Karatasi iko kwa dada wa stesheneri pale chini ya ukumbi namba mbili, bweni A na B nitapita mwenyewe leo usiku baada ya taarifa ya habari. Sombi kwangu ni hili tu: kabla hujasaini au kukataa kusaini, pita karakana usikilize ile sauti, ni sekunde 48. Nimeiacha kwenye kompyuta ya mlangoni, faili linaitwa "ndoo".

Sahani ya konda nimeshaanza kuikata. Mashimo mawili tayari, mawili bado, msumeno umekuwa butu na wa klabu umefungiwa kabatini. Mwenye jigiso anikopeshe mpaka Jumatano, soda juu yangu.